Mwelekezi wangu ni mdogo wangu kwa miaka 14. Nimuulize nini, na nimuulizeje?

Swali: "Mimi ni mwalimu wa sekondari katika Kaunti ya Vihiga, nina miaka 41 na watoto watatu. Septemba iliyopita nilianza uzamili katika uongozi wa elimu, masomo ya wikendi na likizo, kwenye chuo kikuu kimoja karibu na Kisumu. Idara ilimpa kila mmoja wetu menta, yaani mwanafunzi aliyetutangulia. Wangu ni kijana wa miaka 27 anayesomea uzamivu, ambaye ningeweza kuwa nilimfundisha sekondari. Ananiita madam, na mimi sijui nimwite nani. Tulikutana mara moja tu. Nilimwambia kila kitu kiko sawa, naye akasema nikikwama nimpigie. Ukweli ni kwamba nimekwama. Sijui pendekezo la utafiti linaanzia wapi. Msimamizi wangu yuko kimya wiki ya sita sasa tangu nimtumie mada. Darasani wenzangu wanaonekana wameelewa. Naona aibu kumuuliza kijana huyu maswali ya kitoto, na nahofia msimamizi akisikia ninaomba ushauri kwingine ataona ninamzunguka. Mwenzangu mmoja ananiambia nitafute mtu aniandikie sura za kwanza nimlipe, eti wengi hufanya hivyo. Usiku silali vizuri, na kuna siku nafikiria kuacha. Huyu menta ana faida gani hasa? Nimwendee vipi bila kujishusha?"

Mwalimu, umeuliza kuhusu kijana mmoja, lakini barua yako imebeba mengine pia: msimamizi aliyenyamaza, wenzako unaodhani wameelewa, na mtu anayekushawishi ununue sura. Mambo haya yamefungamana, na nitayagusa yote. Naanza na kijana kwa sababu ndiye aliye karibu nawe zaidi, na kwa sababu unaweza kuanza naye wiki hii bila kusubiri saini ya mtu.

Hukupewa mwelekezi, huyo unayemwita menta, kwa kuwa umeonekana dhaifu. Unasema mwenyewe kila mmoja darasani alipewa wake. Mwelekezi rika hafundishi masomo ya ziada, si msimamizi wa pili, na hana uwezo wa kukupa alama au kukunyima. Ni mtu aliyepita njia hiyo hiyo, katika idara hiyo hiyo, juzi tu, na bado anakumbuka alipojikwaa. Profesa wako naye alipita huko, lakini ni zamani. Mengi aliyojifunza kwa taabu anayafanya leo bila kuyafikiria, na jambo ambalo mtu halifikirii tena ni vigumu kumweleza mwingine. Umeliona hili darasani kwako: mara nyingi mwanafunzi aliyeelewa hesabu jana humweleza mwenzake vizuri kuliko mwalimu wa hesabu. Kijana wako bado anaziona ngazi ambazo profesa amekwisha kuziruka.

Sehemu kubwa ya masomo ya uzamili haijaandikwa popote. Mtaala umeandikwa, kanuni zimeandikwa, mwongozo wa tasnifu umeandikwa. Lakini kwamba msimamizi fulani hasomi barua pepe ila ukimpelekea nakala ya karatasi atairudisha na maoni kila ukurasa, hilo halimo katika mwongozo wowote. Wala kwamba kamati ya idara hukutana kwa nadra, na ukikosa kikao kimoja umepoteza muhula.

Chukua safari ya pendekezo lako. Kwa kawaida hutetewa idarani, likapita kitivoni, likafika shule ya uzamili ya chuo. Kisha huenda kwa kamati ya maadili ya utafiti iliyoidhinishwa na NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi. Ukishapata barua ya kamati ya maadili ndipo unaomba kibali cha utafiti cha NACOSTI yenyewe mtandaoni, na kibali hicho hudumu mwaka mmoja. Hata ukiwa nacho mkononi, unajitambulisha kwanza kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu wa kaunti kabla ya kuingia shule yoyote. Mwalimu yuko hatarini hapa kuliko wengine, kwa sababu walimu wakuu unawafahamu na dodoso unaweza kuligawa kesho asubuhi katika chumba cha walimu. Tafadhali usifanye hivyo. Data iliyokusanywa kabla ya idhini ya maadili hairekebishwi na barua inayokuja baadaye, na kazi ya miezi inaweza kukataliwa yote. Mwelekezi mzuri hukwambia jambo hili mwezi wa kwanza, na hilo peke yake linatosha kumfanya awe na thamani.

Wanaoishi chuoni huyasikia haya bila kuyatafuta: kwenye foleni ya chai, maktabani, nje ya ofisi ya katibu wa idara. Wewe unafika Jumamosi kwa matatu, unakaa darasani mpaka jioni, unawahi gari la kurudi kabla giza halijaingia. Zamani mtu wa magharibi mwa Kenya aliyetaka uzamili aliangalia vyuo vikuu kama Moi kule Eldoret, Maseno, au Egerton huku Njoro, na wengi walihamia huko kwa muda. Leo kuna Masinde Muliro mjini Kakamega, Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo, Kibabii Bungoma, Rongo, na masomo ya wikendi na likizo yanayomwezesha mzazi mwenye kazi kusoma huku analala nyumbani kwake. Ninalifurahia jambo hili kwa moyo wote. Lakini mwanafunzi wa namna yako hukosa yale mazungumzo ya korido, na mwelekezi amewekwa hasa kukuletea mazungumzo hayo.

Sasa hao wenzako wanaoonekana wameelewa. Mwaka 1987 wanasaikolojia Dale Miller na Cathy McFarland walichapisha jaribio ambalo huwasimulia wanafunzi wapya kila ninapopata nafasi. Waliwapa watu makala iliyoandikwa makusudi isieleweke, wakawaambia kwamba anayepata shida kubwa anaweza kwenda kuuliza. Watu hawakwenda. Walipoulizwa, kila mmoja alijua kwamba yeye mwenyewe alinyamaza kwa kuona haya, lakini alidhani wengine wangeuliza kama wasingeelewa. Rudi darasani kwenu Jumamosi iliyopita. Mhadhiri anauliza kama kuna swali, chumba kizima kinatazama madaftari, naye anaendelea mbele. Wewe ulitazama daftari kwa sababu hukuelewa. Una ushahidi gani kwamba aliyekaa kando yako alitazama lake kwa sababu nyingine?

Kijana wako anaweza kuuvunja ukimya huo kwa sentensi moja: "Hata mimi pendekezo langu lilirudishwa." Mtu wa darasa lako hawezi kukwambia hivyo kwa sababu hajafika huko. Profesa anaweza, ila ni wachache wanaosema.

Kuhusu umri, sitakwambia ni jambo dogo. Sote tumelelewa tukijua mkubwa ni nani na mdogo ni nani, na malezi hayo hayafutwi na barua ya idara. Lakini hebu utazame upande wake. Amepewa mwalimu wa miaka 41, mama wa watoto watatu, aliyefundisha vijana wa rika lake. Akikupigia simu kukuuliza mbona hujaandika, ataonekana hana adabu. Akikwambia mada yako ni pana mno, amemkosoa mzazi. Kwa hiyo alifanya lile ambalo adabu ilimruhusu: alisema ukikwama umpigie, akarudi nyuma. Wewe nawe ulilinda hadhi yako kwa kusema kila kitu kiko sawa. Sasa mnangojana, kila mmoja kwa heshima.

Kati yenu wawili, anayeweza kuumaliza mngojano huu ni wewe, na unaweza kwa sababu ndiwe mkubwa. Katika desturi zetu mdogo hajipi ruhusa ya kumkosoa mkubwa. Mkubwa ndiye huitoa. Unaona kwenda kwake ni kujishusha, na mimi naona ni kutumia ukubwa wako. Mwambie wazi, kwa maneno yako, kitu kama hiki: "Katika mambo ya shule mimi nimekutangulia, katika utafiti wewe umenitangulia. Naomba unapoona nimekosea uniambie moja kwa moja. Sitachukia." Huwezi kuamini jinsi kijana anavyopumua akisikia maneno hayo. Muite kwa jina lake. Akiendelea kukuita madam, mwache, ni heshima yake. Ila usimwite mwanangu, hata kwa upendo, kwa sababu mtoto hamwambii mama kwamba sura yake ya pili haina mtiririko.

Na usidhani utakuwa unapokea tu. Mtu wa uzamivu wa umri wake huenda hajawahi kukaa katika ofisi ya mwalimu mkuu akiwa upande wa ndani. Wewe unajua shule zinavyoendeshwa, barua gani hujibiwa na ipi hutupwa, na mwezi gani usithubutu kumsumbua mwalimu kwa dodoso. Mazungumzo yakianza utashangaa ni mara ngapi atakuuliza yeye.

Kuhusu namna ya kuuliza, "nikikwama nitakupigia" haifanyi kazi, kwa kuwa mtu aliyekwama ndiye mwenye aibu zaidi ya kupiga simu. Pangeni siku maalumu, kwa mfano Jumamosi moja kila baada ya wiki mbili, nusu saa baada ya kipindi cha mwisho, iwe una swali au huna. Likizo zikifika mnapokaa chuoni siku nyingi, ongezeni. Kutaneni maktabani, kantini, mahali pa wazi ambapo watu wanapita. Hilo linawalinda nyote wawili na maneno ya watu, na hata na jambo baya zaidi. Nenda na swali lenye mwanzo na mwisho. "Sielewi pendekezo" ni swali linalomlemea yeyote. "Nionyeshe pendekezo lako lililopita, unieleze kwa nini ulianza na aya hii" ni swali la nusu saa. Mengine mazuri: Ulipotetea, walikuuliza nini ambacho hukukitarajia? Profesa huyu anapenda kupelekewa kazi kwa njia gani? Kama ungeanza upya leo, mwezi wa kwanza ungefanya nini? Je, idara yetu inadai makala iliyochapishwa kabla ya kuhitimu? Hayo unayoyaita ya kitoto ndiyo hasa aliyowekwa kuyajibu.

Kwa kuwa umesema hujui pendekezo linaanzia wapi, nikupe la kuanzia hata kabla hamjaonana. Linaanzia kwenye tatizo, na mada huja baadaye. Watu wengi huanza na kichwa cha maneno ishirini chenye "athari za" na "katika kaunti ndogo ya", kisha wakatafuta tatizo la kukitoshea. Jiulize wewe kama mwalimu: ni jambo gani katika uendeshaji wa shule linakusumbua, na hujapata jibu lake linaloridhisha? Labda wanafunzi wa kutwa wanapotea kila muhula wa pili, na bodi ya shule haijui sababu. Andika kurasa mbili tu: tatizo ni nini na linamuumiza nani, nini kimekwisha kujulikana, nini bado hakijajulikana, maswali matatu unayotaka kuyajibu, na utamuuliza nani. Hizo kurasa mbili ndizo utakazompelekea kijana azisome.

Ndizo pia zitakazomwamsha msimamizi. Ukimya wa wiki sita unaumiza, na si haki kuuona kama jambo la kawaida. Hata hivyo, ulimtumia mada, na mada peke yake haimpi mtu cha kusoma. Ni rahisi kuiweka kando hadi kesho, na kesho ikawa mwezi. Mpelekee kurasa mbili pamoja na ujumbe mfupi wenye ombi moja: "Profesa, naomba maoni yako juu ya kurasa hizi. Naweza kufika ofisini Jumamosi tarehe fulani, au siku nyingine utakayonipangia." Muulize kijana kwanza kama profesa huyo husoma barua pepe au karatasi. Na ile hofu ya kumzunguka imalize kwa kumwambia mwenyewe kwamba idara imekupa mwelekezi, na kwamba mnakutana kuhusu taratibu na usomaji wa rasimu. Kinachowaudhi wasimamizi ni kugundua kwamba kuna mtu mwingine aliyebadilisha maswali ya utafiti bila wao kujua. Kwa hiyo kijana akikushauri jambo linalogusa maswali, nadharia au mbinu, lichukue kama wazo la kumpelekea msimamizi. Wakitofautiana, la msimamizi ndilo la kufuata mpaka mtakapozungumza, kwa kuwa yeye ndiye atakayesimama nawe siku ya kutetea.

Kuhusu kulipa mtu akuandikie, jibu langu ni hapana, na nakuomba usiliache wazi hata kidogo. Najua biashara hiyo ipo, na najua watu wazuri huingia humo wakiwa wamechoka. Vyuo hupitisha tasnifu kwenye programu za kukagua ufanano na kazi za wengine, lakini hilo ni dogo. Sura tatu za kwanza ndizo zinazoamua utamuuliza nani, utamuuliza nini na utachanganuaje majibu. Ukizinunua, sura ya nne itakuwa ya mtu mwingine pia, na siku ya kutetea utaulizwa kwa nini ulichagua sampuli ile, na aliyechagua hayumo chumbani. Shahada inaweza kufutwa hata baada ya kutunukiwa. Na wewe ni mwalimu. Wanafunzi wako wakifanya hivyo katika mtihani unajua ungewaambia nini.

Mpaka huo huo unamhusu mwelekezi. Anaweza kukuonyesha kazi yake, kusoma yako na kukuuliza maswali, na kukaa nawe mkijifunza programu ya takwimu. Hapaswi kukuandikia hata aya moja wala kupokea pesa. Kumnunulia chai si kosa. Lakini akianza kudokeza malipo, au akakutaka uingize data yake ndipo akusaidie, mweleze mratibu wa mpango huo idarani, na hutakuwa umemchongea mtu.

Mpango huu una mipaka yake, na ni vyema uijue mapema. Kuna jozi zinazokufa tu, kwa sababu mwelekezi ameenda nyanjani au tabia hazikupatana. Kuna waelekezi waliojeruhiwa na msimamizi fulani, wanaomkabidhi mgeni uchungu wao kana kwamba ni ushauri. Hakuna mwelekezi anayeweza kulipa karo yako wala kumlazimisha profesa asome. Usimtarajie pia awe msiri wako. Kathy Kram na Lynn Isabella, waliochunguza mahusiano ya rika kazini mwaka 1985, walionyesha kwamba yana kina tofauti: wengine hupeana habari tu, wengine huambiana ukweli kuhusu kazi, wachache huwa wandani. Kijana wako akibaki mtu wa kukupa habari sahihi kwa wakati, ametimiza kazi yake.

Ndiyo maana ningependa uwe na mguu wa pili. Tafuta wenzako wawili au watatu wa darasa lako, hasa wanaosafiri njia moja nawe, mkutane kama chama: siku maalumu, kila mmoja ana zamu yake, na mchango wa zamu hii ni kurasa mbili za kusomwa na wengine. Mtu mzima huwa radhi kuonyesha rasimu mbovu kwa waliomwonyesha zao. Mwelekezi mnaweza kumwalika mara moja kwa muhula, na aibu ya kukaa naye ana kwa ana itapungua. Baada ya mikutano mitatu minne ya kweli, kama bado hamuelewani, omba ubadilishiwe. Huhitaji kumlaumu. Mwambie mratibu kwamba ungependa mtu anayesoma kwa wikendi kama wewe.

Msimamizi asipojibu wiki mbili au tatu baada ya kupokea kurasa zako, jambo hilo limetoka mikononi mwa mwelekezi. Nenda ana kwa ana kwa mwenyekiti wa idara, ukiwa na tarehe za ujumbe wako wote na nakala ya ulichotuma. Omba msaada wa kuwasiliana naye kabla ya kuomba abadilishwe. Isipofaulu hapo, nenda shule ya uzamili. Weka kila kitu kwa maandishi, kwa upole.

La mwisho ni usingizi wako, na nisingependa ulipuuze. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ukihusisha wanafunzi 2,279 wa uzamili na uzamivu kutoka nchi 26 uliwakuta wakiwa na uwezekano wa zaidi ya mara sita wa kuonyesha dalili za mfadhaiko na wasiwasi kuliko watu wa kawaida. Waliojibu walijitokeza wenyewe, kwa hiyo huenda walioumia walijibu zaidi. Hata hivyo, unaonyesha kwamba huna kasoro ya kipekee, na ulionyesha pia kwamba wenye uhusiano mzuri na wasimamizi wao walikuwa na nafuu. Kukosa usingizi usiku mmoja kabla ya kuwasilisha kazi ni kawaida. Lakini kama hali hii imezidi wiki mbili, kama chakula hakipiti, kama unawakaripia watoto kwa mambo usiyoyakumbuka baadaye, nenda ofisi ya ushauri nasaha ya chuo Jumamosi hii, au muone daktari katika hospitali iliyo karibu nawe na umweleze kila kitu, pamoja na masomo. Wazo la kuacha masomo linaweza kusubiri mpaka uwe umelala vizuri. Wazo la kujidhuru halisubiri: likikujia wakati wowote, mwambie mtu wa nyumbani usiku huo huo, nenda hospitali, au piga 1199, simu ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya.